Litowa na Miaka ya Ujamaa Mkoani Ruvuma

Ukilipa mgongo Ziwa Nyasa hapa Ngumbo na kuvuka milima ya Umatengo, unashukia upande wa Songea, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa chama tawala, TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliamua kuishi na kulima pamoja Litowa. Hapo kikazaliwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma.

Walilima mahindi na tumbaku ya moshi. Hawakupangiwa kazi na ofisa: wanakijiji walikaa kikao, wakabishana, wakaamua wenyewe shamba lipi lianze na mapato yagawanywe vipi. Chama kikapata mashine ya kusaga nafaka na kiwanda cha kupasua mbao. Watoto wa vijiji vingine vya chama walipelekwa shule ya Litowa, wakasoma na kulima. Mwalimu Nyerere aliifahamu shule hiyo kabla ya kuandika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967.

Vijiji vya chama vikafika 17. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama, na mali zake zikachukuliwa. Lilikuwa pigo kubwa kwa watu waliokuwa wakiishi ujamaa wa Azimio la Arusha kwa vitendo.

Ujamaa wa kuamriwa kutoka juu haukuwa wa Tanzania peke yake: mwezi uliofuata, jeshi la Siad Barre lilishika madaraka Somalia na baadaye kutangaza ujamaa wake, wenye kampeni ya kisomo na amri kutoka juu. Nchini Tanzania nako, kuanzia Novemba 1973, kuishi vijijini kukawa amri.