Mgonjwa Haulizwi Uji: Historia ya Chakula katika Tiba ya Kisukari

Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Maana ya methali hiyo ni wazi. Mtu aliyelala kitandani hana haja ya kushauriwa kama ataka kula au hataki. Uji hupikwa, hupozwa, akapewa. Huruma hutangulia, maswali hufuata. Kwa maradhi mengi methali hii ni ya kweli, na nyumba nyingi zimewauguza wagonjwa wao kwa kuifuata. Walakini upo ugonjwa mmoja ambao huruma ya namna hiyo yaweza kuuzidisha. Ugonjwa huo ni kisukari. Hapa uji wenyewe ndio unaoulizwa: umepikwa kwa unga gani, umetiwa nini, na kiasi chake ni kipi. Historia ya kisukari, tangu zama za kale hata leo, ni historia ya swali hilo, na watu wengi wameishi au wamekufa kwa jibu walilopewa.

Jina la ugonjwa lina habari yake. Wayunani waliuita kwa neno lenye maana ya kupita kama maji katika mrija, kwa sababu waliona kwamba mgonjwa hunywa bila kukata kiu, na alichokinywa hakikai mwilini. Areteo wa Kapadokia, tabibu aliyeandika kwa Kiyunani katika karne za kwanza baada ya Kristo, aliueleza kuwa ni kuyeyuka kwa nyama na viungo vikawa mkojo. Matabibu wa Bara Hindi, waliofuata mafundisho ya Sushruta na Charaka, waliuita mkojo wa asali, wakaona kwamba sisimizi huuendea. Walitambua pia jambo ambalo Ulaya ilichelewa sana kulijua, ya kuwa wagonjwa wako wa namna mbili: mwembamba ambaye ugonjwa humshika angali kijana, na mnene ambaye hula sana na kujongea kidogo. Kiswahili, katika kuunda jina la kisukari, kimeafikiana na Wahindi kuliko Wayunani. Kimetazama utamu, hakikutazama wingi wa maji.

Ibn Sina, aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037, aliandika katika kitabu chake cha Kanuni juu ya utamu wa mkojo huo, juu ya vidonda vinavyooza, na juu ya kupungua kwa nguvu za kiume. Miongoni mwa dawa anazotajwa kuzitoa ni mchanganyiko wa mbegu, na mojawapo ya mbegu hizo ni uwatu. Uwatu huo huo wajulikana hata leo katika majiko ya pwani ya Afrika Mashariki, na wako wanaoutumia kwa nia ile ile. Basi dawa ya nyumbani si uzushi wa jana; ina ukoo wa miaka elfu. Swali ni jinsi ya kupima nguvu zake, kwani umri wa dawa si ushahidi wa uwezo wake.

Upimaji ulianza polepole. Mwaka 1674 Thomas Willis wa Uingereza aliandika kwamba mkojo wa mgonjwa ni mtamu ajabu, lakini hakuweza kueleza utamu ule watoka wapi. Mwaka 1776 Matthew Dobson wa Liverpool alieleza jinsi alivyouchemsha mkojo mpaka ukakauka, akabaki na unga mweupe uliokuwa na ladha ya sukari. Akaona ya kuwa damu ya mgonjwa pia ni tamu. Neno hilo lilikuwa zito. Kama sukari imo katika damu, basi figo hazikuumba ugonjwa. Zilikuwa mlango tu wa kutokea. Asili ya ugonjwa ilipasa kutafutwa kwingine, na watu wakaanza kukitazama chakula.

Aliyekitazama kwa makini alikuwa John Rollo, daktari wa jeshi la mizinga la Uingereza. Mnamo 1796 alimpokea afisa mmoja, Kapteni Meredith, mtu aliyekuwa mnene kisha akakonda kwa kisukari. Rollo alimnyima vyakula vya mimea, akamlisha nyama na mafuta, akipima mkojo wake siku kwa siku. Aliona kwamba mgonjwa alapo mkate na matunda sukari huzidi, na alapo nyama hupungua. Kitabu chake kilitoka mwaka 1797, na kwa mara ya kwanza tiba ya chakula ikasimama juu ya vipimo. Lakini chakula kile kilikuwa kikavu na cha kuchukiza, wala wagonjwa wengi hawakuweza kukivumilia. Hapo ndipo ilipoonekana shida ambayo haijaondoka hata leo: si kila dawa iliyo sahihi hulika.

Katika karne ya 19 Apollinaire Bouchardat wa Paris aliipeleka mbele hoja hiyo. Majeshi ya Prussia yalipouzingira mji wa Paris mwaka 1870, hata mwanzo wa 1871, chakula kilikuwa haba na watu wakala kwa mgao. Bouchardat aliona jambo la ajabu: baadhi ya wagonjwa wake wa kisukari, badala ya kudhoofika, walipata nafuu, na sukari ikatoweka katika mikojo yao. Kutoka katika dhiki ya vita alipata fundisho. Akawaagiza wagonjwa wale kidogo, wapendelee mboga za majani, wafanye kazi za mwili, na wajipime mkojo wenyewe. Wengine waliigeuza busara hiyo kuwa ukali. Arnaldo Cantani wa Napoli aliwafungia wagonjwa wake vyumbani kwa kufuli ili wasile kwa siri. Wengine walitafuta chakula kimoja cha ajabu: mmoja alisifu maziwa, mwingine viazi, na mwanzoni mwa karne ya 20 Carl von Noorden wa Ujerumani alijulikana kwa tiba ya uji wa shayiri. Uji ulirudi kitandani, lakini sasa kwa kipimo cha daktari.

Wakati huo huo siri ya mwili ilikuwa ikifunuliwa. Mwaka 1869 Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi wa Berlin, alieleza vijisehemu vidogo vilivyotawanyika ndani ya kongosho kama visiwa baharini, asijue kazi yake. Mwaka 1889 huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimwondolea mbwa kongosho, na mbwa akapata kisukari. Ikajulikana ya kuwa kongosho hutoa kitu fulani ambacho bila hicho mwili hauwezi kuitumia sukari. Damu hujaa sukari, na viungo hufa njaa. Ni kama mtu anayekufa kiu katikati ya bahari. Mwili huo ukikosa njia ya kutumia sukari huyeyusha mafuta yake, asidi hujaa katika damu, pumzi hunuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, na mwisho mgonjwa hupotewa na fahamu.

Kabla kitu hicho hakijapatikana, ulikuja wakati wa uchungu mkubwa kuliko yote katika historia hii. Frederick Allen, daktari wa Taasisi ya Rockefeller katika New York, alifikiri hivi: maadamu mwili hauwezi kubeba mzigo wa chakula, mzigo na upunguzwe mpaka utakapobebeka. Hakupunguza wanga peke yake, alipunguza vyote. Wagonjwa walifungishwa siku kadhaa, kisha wakapewa chakula cha kuwazuia wasife tu. Katika kitabu chake cha mwaka 1919 ameandika habari za mtoto kipofu wa miaka 12, ambaye sukari ilionekana katika mkojo wake ingawa alilindwa mchana na usiku. Ilikuja kujulikana kwamba mtoto yule alikuwa akila dawa ya meno, na punje za ndege aliyefugwa kizimbani. Allen hakuwa mtu katili. Alijua kwamba asiyekula kwa kipimo chake angekufa upesi, na kwamba anayekula kwa kipimo chake angekufa polepole. Chakula kilikuwa kimefika ukingoni mwa uwezo wake.

Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwamo Elizabeth Hughes, binti wa mwanasiasa Mmarekani Charles Evans Hughes. Aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 1919, naye ana miaka 11. Kwa miaka mitatu aliishi kwa chakula kilichopimwa kwa mizani, na alipofika Toronto mwezi wa Agosti 1922, karibu kutimiza miaka 15, uzito wake ulikuwa kama kilo 20 tu. Kilichompeleka huko ni habari njema. Katika majira ya joto ya 1921 Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya J. J. R. Macleod, walikuwa wameanza kutoa dawa katika kongosho la wanyama, na James Collip akaisafisha. Tarehe 11 Januari 1922 Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alidungwa sindano ya kwanza, nayo haikufaa sana. Tarehe 23 alidungwa dawa iliyosafishwa, na sukari ikashuka. Dawa hiyo ni insulini. Wenye haki ya uvumbuzi walikiuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki hiyo kwa dola 1 kila mmoja. Elizabeth alinenepa, akasoma, akaolewa, akazaa, akafariki mwaka 1981. Njaa ya Allen haikumponya. Ilimfikisha hai mlangoni pa dawa. Heshima ya tiba ile ni hiyo, na mpaka wake ni huo.

Mwaka 1936 Harold Himsworth wa London alithibitisha kwa vipimo yale waliyoyaona Wahindi wa kale: wako wagonjwa ambao insulini huwafanyia kazi upesi kwa kuwa miili yao imeikosa, na wako ambao miili yao huikaidi. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kila shauri la chakula na dawa ya nyumbani. Mgonjwa wa namna ya kwanza hawezi kuishi kwa chakula peke yake, hata kiwe bora namna gani. Mgonjwa wa namna ya pili aweza kufaidika sana kwa chakula na kazi ya mwili, pengine pamoja na vidonge, pengine bila.

Mitishamba nayo ina sehemu yake ya haki katika habari hii. Katika Ulaya ya zamani ulitumika mmea uitwao galega. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndani yake mna kitu kishushacho sukari, lakini pia ni sumu. Dawa yenye nasaba na kitu hicho, metformini, iliundwa Dublin mwaka 1922, ikakaa bila kutumika kwa kisukari mpaka Jean Sterne wa Ufaransa alipotangaza matumizi yake mwaka 1957. Leo ni miongoni mwa dawa zinazotumika zaidi duniani kwa kisukari cha namna ya pili. Basi mmea haukudharauliwa, wala haukuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Ulipimwa, ukatenganishwa na sumu yake, ukapewa kiasi. Uwatu nao una nyuzi laini zinazochelewesha sukari kuingia katika damu, na majaribio madogo yameonyesha kwamba waweza kuishusha kidogo. Kidogo hicho chafaa kuongezwa juu ya tiba, lakini hakiwezi kukaa mahali pa tiba. Asali, inayosifiwa katika nyumba nyingi kuwa haidhuru, ni sukari kama sukari nyingine.

Afrika Mashariki haikuwa nje ya historia hii. Hugh Trowell, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda kuanzia mwaka 1929, aliyaona maradhi kama kisukari kuwa machache miongoni mwa watu waliokula nafaka zisizokobolewa, maharage na mboga. Mwaka 1975, pamoja na Denis Burkitt aliyekuwa naye Uganda, alitoa kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na maradhi yatokanayo navyo. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Dar es Salaam walitangaza kwamba katika vijiji walivyovipima Tanzania, wenye kisukari walikuwa chini ya mtu mzima 1 kati ya 100. Utafiti wa taifa wa mwaka 2012 ulipata takriban 9 kati ya 100 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Vipimo hivyo viwili havikufanywa mahali pamoja wala kwa njia moja, lakini vyote vyaelekea upande mmoja. Sembe imechukua nafasi ya dona, soda imechukua nafasi ya maji, na gari limechukua nafasi ya miguu.

Ushahidi wa karibuni umemrudishia Bouchardat heshima yake. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa Uskoti na kaskazini ya Uingereza kwa watu wapatao 300 wenye kisukari cha namna ya pili, wasiotumia insulini. Waliopunguziwa chakula sana kwa miezi 3 hadi 5, kisha wakaongozwa kulinda uzito wao, karibu nusu yao walikuwa bila kisukari wala dawa zake baada ya mwaka mmoja. Miaka ilipopita, wengi uzito uliwarudia, na ugonjwa ukarudi pamoja nao. Sahani yaweza kufanya jambo kubwa, kwa sharti kwamba ifanye kila siku.

Hivyo historia imetoa hukumu ya haki kati ya jiko na sindano. Jiko limeonewa na wanaolidharau, kwa kuwa kabla ya 1922 halikuwa na msaidizi, na hata sasa hakuna dawa isiyohitaji msaada wake. Limeonewa pia na wanaolisifu kupita kiasi, ambao humwambia mtoto wa kisukari aache sindano anywe maji ya majani. Mtoto huyo hurudishwa mikononi mwa Allen, na hata kwa Allen hafiki, kwa sababu Allen alipima. Mgonjwa haulizwi uji, walisema wahenga, na walisema kwa huruma. Huruma ya wenye ujuzi humpikia mgonjwa wa kisukari uji wa dona usio na sukari, humpimia kikombe chake, na kabla ya kumpa humwuliza: sindano ya leo umeshadungwa?