Kosa Lisiloua Programu

Katika lugha nyingi za kompyuta, kosa likitokea programu inakufa. Unabaki na mistari michache kwenye skrini, na dibaga (chombo cha kusaka makosa) unayoifungua baadaye ni kama daktari aliyeitwa baada ya mazishi. Wanaotumia Lisp wamezoea mengine. Programu yao husimama palepale ilipokwama, ingali hai, ikimngoja mwenyewe aseme la kufanya. Mazoea hayo hayakuzaliwa pamoja na lugha. Yalijengwa kidogo kidogo kwa miaka zaidi ya 30.

John McCarthy alianza kuiunda Lisp mwaka 1958 katika chuo cha MIT, Marekani. Fanksheni ya eval, inayotathmini msimbo wa Lisp, aliiandika kama nadharia ya karatasini, hadi Steve Russell alipoigeuza kuwa programu halisi kwenye mashine ya IBM 704. Enzi hizo kusaka kosa kulitaka subira: unapeleka kadi zilizotobolewa, unangoja zamu yako, unarudishiwa karatasi zilizochapwa. Hata hivyo, mwongozo wa Lisp 1.5 wa mwaka 1962 tayari ulikuwa na trace. Unaitajia fanksheni, nayo kila ikiitwa inachapa ilichopewa na ilichorudisha. Chombo hicho kingalipo, na mimi naona ndicho cha kushika kwanza kabla ya kukimbilia makubwa.

Aliyegeuza mambo ni Warren Teitelman. Katika tasnifu yake ya MIT ya mwaka 1966, iliyohusu mfumo alioupa jina PILOT, alitaka kompyuta imsaidie mtu kurekebisha programu badala ya kumkaripia. Wazo hilo alilipeleka kampuni ya BBN, kisha Xerox PARC, ambako lilikomaa ndani ya Interlisp, lahaja ya Lisp. Huko mtu aliweza kuisimamisha fanksheni katikati ya kazi, akachungulia thamani zake, akazibadili, akairuhusu iendelee. Teitelman aliongeza pia DWIM, sehemu iliyobashiri ulichokusudia pale ulipokosea tahajia. Wenzake waliitania kwamba inajua kusahihisha makosa ya Teitelman tu, kwa kuwa ilizoea vidole vyake. Makosa ya wengine iliweza kuyavuruga zaidi. Utani huo ulikuwa wa haki. Dibaga inayobashiri ni hatari kuliko inayouliza.

Miaka ya 1970, Richard Greenblatt na Tom Knight walijenga hapohapo MIT kompyuta zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya Lisp, na katika miaka ya 1980 kampuni ya Symbolics ikaziuza. Kwa kuwa hata mfumo endeshi wa kompyuta hizo uliandikwa kwa Lisp, dibaga ilikuingiza popote. Biashara hiyo haikudumu, lakini fikra zake za kushughulikia makosa zilisalia. Kent Pitman alizipanga upya kwa ajili ya lahaja ya Common Lisp, zikakubaliwa mwaka 1988 na kuingia katika kiwango cha ANSI cha mwaka 1994.

Siri ya Common Lisp ni mpangilio wa hatua. Lugha nyingine nyingi hubomoa kwanza msururu wa fanksheni zilizoitana, kisha ndipo zishughulikie kosa. Common Lisp huanza na kosa, msururu ukiwa mzima. Chukua SBCL, programu ya kuendeshea Common Lisp inayotumika sana leo. Umeandika fanksheni ya wastani inayoita jumla, ila jumla yenyewe hujaiandika. Ukiiendesha, alama ya kinyota inayokungoja uandike inageuka kuwa 0], unaambiwa JUMLA haijulikani, na chini yake imepangwa orodha ya njia zenye namba: kuita tena, kutumia fanksheni nyingine, kutoa thamani wewe mwenyewe, au kuacha. Hapohapo unaiandika jumla, unachagua 0, yaani kuita tena, na hesabu inaendelea kutoka ilipokwama. Hakuna kilichoanza upya.

Mtihani mkubwa wa utamaduni huu ulifanyika angani. Mei 1999, chombo cha NASA kiitwacho Deep Space 1 kilikabidhiwa kwa Remote Agent, programu ya kujiongoza ambayo sehemu kubwa yake iliandikwa kwa Lisp. Siku ya pili ikaganda: nyuzi mbili za kazi zilikuwa zinangojeana, na injini ya ayoni haikuzimwa kwa wakati. Ron Garret, aliyefanya kazi katika maabara ya JPL ya NASA, ameeleza kwamba kuweza kuongea na Lisp iliyokuwa ikiendeshwa ndani ya chombo, umbali wa maili milioni 100 hivi, kulisaidia sana kulipata kosa.

Lakini dibaga haikuwa imelinusa kosa hilo duniani. Kosa la kungojeana hutegemea nani katangulia, na ukiisimamisha programu ili uitazame, zamu zinabadilika. Mwaka 1997 Klaus Havelund na wenzake walikuwa wamenasa kosa la aina hiyohiyo katika sehemu nyingine ya Remote Agent, bila dibaga, kwa chombo kiitwacho SPIN kinachokagua mifuatano yote inayowezekana.