Moto ulioifundisha batri ya lithiamu



Tangu mashua zianze kurudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka mwaka wa 2005, wengi wamefika na ufundi mikononi: useremala, uashi, kutengeneza redio. Siku hizi katika vifaa vya kazi tunavyopokea kuna mashine za kutoboa mbao zisizo na waya, na nyingi zinafika na batri zilizochoka. Vijana wanazifungua, wanatoa vijibatri vya ndani, vile mafundi wanaviita seli, ili wawashe taa usiku. Mimi sioni ubaya. Ila kabla ya kushika turnevisi, tujue ile kitu imetoka wapi, sababu historia yake ni historia ya moto.

Mashine ya kwanza ya namna hiyo ilitoka kwa Black & Decker, Marekani, mwaka wa 1961. Batri yake ilikuwa ya nikeli na kadmiamu: nzito, yenye sumu, lakini haikuwa na hasira. Miaka ya 1970 Stanley Whittingham, katika kampuni ya Exxon, akajaribu lithiamu, metali nyepesi kuliko zote. Ilifanya kazi. Shida ni kwamba kila inapochajiwa, lithiamu inaota sindano ndogondogo ndani. Zikivuka upande wa pili, moto unawaka. Mwaka wa 1989 Moli Energy ya Kanada ililazimika kurudisha batri zake zilizokuwa katika simu huko Japani, na kampuni ikaanguka.

Dawa ilikuja kwa vipande viwili. Mwaka wa 1980, huko Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba oksidi ya kobalti inaweza kubeba lithiamu na kutoa volti 4. Mwaka wa 1985 Akira Yoshino, wa Asahi Kasei ya Japani, akaiondoa lithiamu tupu na kuweka kaboni mahali pake. Kisha akaziangushia batri kipande kizito cha chuma. Yenye lithiamu tupu ilishika moto mkali, yake haikuwaka. Sony ikaanza kuiuza mwaka wa 1991, na karibu na 2005 ikaingia kwenye mashine za mafundi. Wazee hao watatu walipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2019.

(Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu, Lualaba na Haut-Katanga. Seli za mashine za leo mara nyingi zina nikeli nyingi na kobalti kidogo, lakini hata hivyo, batri mbovu inayofika Fizi huenda nayo ni mkimbizi aliyerudi.)

Basi moto ulipunguzwa, haukuisha. Mwaka wa 2006 Dell iliita zaidi ya batri milioni 4 za kompyuta zilizokuwa na seli za Sony. Kosa lilikuwa nini? Vipande vya metali, vidogo kama vumbi, vilivyobaki ndani wakati wa kutengeneza. Kama vumbi lafanya hivyo, msumari utafanya nini? Na ikishawaka, ile oksidi inatoa oksijeni yake yenyewe. Mchanga unazuia cheche tu. Ndani moto unaendelea, na moshi wake ni sumu. Ndiyo maana kazi hii ifanyikie nje.

Pakiti ya volti 18 ina seli 5 zilizofuatana, au 10 zilizopangwa mbili mbili. Mara nyingi seli moja au mbili ndizo zimeshuka, na chaja inaikataa pakiti nzima. Kumbe nyingine ni nzima. Pete na saa vitoke mkononi. Vipande vya nikeli vinavyounganisha seli vikatwe kimoja kimoja, visivutwe kwa nguvu, kwa kuwa kopo lote la seli ni upande wa hasi, na kinachokulinda ni ngozi nyembamba ya plastiki. Seli iliyolala chini ya volti 2 usiihurumie: shaba ya ndani imeanza kuyeyuka, na ukiichaji, shaba hiyo inaweza kujijenga pasipofaa, mambo yaleyale ya sindano za zamani. Zilizobaki zichajiwe hadi volti 4.2, zilale wiki mbili, zipimwe tena. Inayoshuka kuliko wenzake, au iliyopata moto ikichajiwa, itoke.

Kinachonitisha zaidi ni regilateri ya paneli ya jua. Nyingi zimetengenezwa kwa batri ya asidi, zinasukuma volti 14.4. Kijana anafunga seli 3, anahesabu ni kama volti 12, anaunganisha, analala. Gawanya: kila seli inapewa volti 4.8, na mwisho wake ni 4.2. Nyumba ni ya majani, na watoto wamelala humo.

Kwa hiyo wafadhili, mukituma pakiti, tumeni pia vipimo vya volti, chaja za seli moja moja na vibao vya ulinzi. Pasipo hivyo tutaacha pakiti zikae. Karibu nasi hakuna kiwanda cha kupokea seli zilizokataliwa. Zifungwe ncha kwa tepu, zikae nje katika chungu chenye mchanga mkavu, mbali na ukuta wa nyumba na mikono ya watoto.