Mumiani, Mkonge na Runinga: Masimulizi ya Hofu na Sayansi kutoka Ngombezi hadi Kwenye Skrini

Tarehe 2 Oktoba 1959, kituo cha CBS cha Marekani kilipoanza kurusha The Twilight Zone, Tanganyika haikuwa na runinga, na Bara ingekaa miaka thelathini na mitano zaidi bila kuwa nayo. Kwa kuangalia tarehe hizo peke yake, mtu angehitimisha kwamba historia ya misururu ya runinga inayochanganya hofu na sayansi haiwahusu wasemaji wa Kiswahili mpaka mwaka 1994. Makala haya hayakubaliani na hitimisho hilo. Kilichochelewa ni chombo tu. Masimulizi yenyewe, yaani visa vifupi vinavyojitegemea, vyenye wahusika wapya kila mara na hofu moja inayovifunga pamoja, yalikuwapo zamani, na mahali pazuri pa kuanzia kuyatazama ni mashamba ya mkonge ya Bonde la Pangani.

Ngombezi, jina linaloandikwa pia Mgombezi, iko jirani na mji wa Korogwe. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, miaka tisa tu baada ya Richard Hindorf kuingiza mkonge nchini; miche 62 iliyonusurika safarini ndiyo iliyozaa uchumi wa mkoa mzima. Wenyeji wa eneo hilo, Wazigua, Wasambaa na Wabondei, hawakutosheleza mahitaji ya kazi, wala wengi wao hawakuitamani. Wakaletwa watu kutoka mbali: Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde na wengineo. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake, na ujira wao ulihesabiwa kwa kipande cha siku thelathini za kazi. Kambini hapakuwa na lugha ya mama iliyomfaa kila mtu. Kiswahili ndicho kilichobaki, na pamoja nacho kikaja kile ambacho kila msemaji aliweza kukiongezea kisa chake.

Miongoni mwa visa vilivyosafiri kwa Kiswahili katika Afrika Mashariki ya kikoloni, hakuna vilivyoenea kama vya mumiani. Neno lenyewe lina historia ya kuvutia. Asili yake ni Kiajemi, katika mzizi mum wenye maana ya nta, mzizi uleule uliozaa majina ya Kizungu ya maiti zilizohifadhiwa za Misri ya kale. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 bado inaitambulisha mumiani kama dawa: kitu cheusi mithili ya utomvu, cha kupaka au kunywa pamoja na samli, kinachotibu mifupa iliyovunjika. Hata hivyo, kidahizo hichohicho kinaeleza imani kwamba dawa hiyo ni damu ya watu waliouawa, na kwamba uvumi wake ukienea mjini watu hawathubutu kutoka nje baada ya jua kuchwa. Katika matumizi ya leo mumiani ni mtu: mumiani amekuja, mumiani kamchukua. Dawa imegeuka kuwa muuaji, na upatanisho wa kisarufi umehama pamoja nayo. (Johnson huyohuyo, pamoja na Edwin Brenn, ndiye aliyetafsiri Alfu Lela Ulela kwa Kiswahili, alijua vizuri kisa cha usiku kina nguvu gani.)

Luise White, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2000, ameonyesha jinsi visa hivi vilivyojaa vifaa vya kisasa: magari ya zimamoto, sindano, ndoo, mashimo yaliyofunikwa, wataalamu wenye sare. Hapa ndipo mumiani anapotengana na jini au mzimu. Jini hahitaji chombo. Mumiani ana mashine, ana ujuzi, ana mwajiri. Msikilizaji aliyeshinda kutwa mbele ya korona, mashine inayoparua jani la mkonge hadi zibaki nyuzi tupu, hakuhitaji maelezo marefu ili aelewe kisa cha chombo kinachokamua mwili wa mtu na kuacha makapi. White anaonya, na onyo lake ni la haki, kwamba tusivipunguze visa hivi kuwa fumbo tu la unyonyaji. Waliovisimulia walikuwa wakieleza ulimwengu kama walivyouona. Lakini onyo hilo halituzuii kuona kwamba hofu na sayansi zilikwisha kuunganishwa kwa Kiswahili kabla ya skrini yoyote kuwashwa.

Ulinganisho na The Twilight Zone unasaidia kuona tofauti moja kubwa. Mtunzi wake, Rod Serling, aliingia katika bunilizi za kisayansi kwa kulazimika. Tamthilia zake za awali zilizogusa mauaji ya kibaguzi ya Marekani zilikatwakatwa na wadhamini, hata visa havikutambulika. Alipowavika wahusika mavazi ya sayari nyingine, wadhamini walitulia. Kila mmoja wa vipindi 156 ulikuwa na watu wake, isipokuwa mmoja: Serling mwenyewe, aliyekuwa akijitokeza na kumweleza mtazamaji kwamba sasa anaingia katika eneo la kubuni. Huyo ni mpokezi wa mlangoni. Katika Kiswahili kazi hiyo hufanywa na paukwa na pakawa, mapatano kati ya fanani na hadhira kwamba kinachofuata ni hadithi. Mumiani hana paukwa. Huanza na “kuna mtu kapotea juzi,” na hadhira hubaki bila mlango wa kutokea.

Tofauti hiyo si ya kinadharia. Katika kipindi kilichorushwa Machi 1960, “The Monsters Are Due on Maple Street,” umeme unakatika mtaani, majirani wanaanza kushukiana kuwa wageni kutoka anga za mbali, na mtu anauawa. Watazamaji walizima runinga wakaenda kulala. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, watafiti wawili waliokuwa wakikusanya sampuli za udongo waliuawa pamoja na dereva wao, baada ya kudhaniwa kuwa wanyonya damu. Gari, vifaa na utaalamu wao vililingana na kisa ambacho wanakijiji walikuwa nacho tayari.

Runinga, basi, ilifika ikikuta nini, nayo ilifanya nini? Zanzibar ilianzisha ya kwake mwaka 1973. Bara ilisubiri, kwa kuwa serikali ya Nyerere iliiona kuwa anasa itakayopanua pengo kati ya mji na kijiji. Vituo vya binafsi vilianza mwaka 1994. Tamthilia zilizofuata zilielekea zaidi kwenye familia na mapenzi. Hofu ilipata makao katika filamu za video za miaka ya 2000, na mtu aliyeifungulia njia ni Mussa Banzi, kwa Nsyuka na kisha Shumileta. Kazi hizo zina nafasi ya heshima katika historia ya sanaa ya maonyesho, na wanaozibeza kwa uduni wa ufundi wanasahau bajeti zake. Lakini kitu kimebadilika ndani yake. Nsyuka ni jina la Kinyakyusa la mfu anayerudi. Shumileta ni jini wa kike anayempenda binadamu. Hofu imehamia nyumbani, ndani ya ndoa na tamaa. Mashine haipo, mwajiri hayupo. Mkonge wenyewe ulikuwa umekwisha kuanguka, ukisukumwa na nyuzi za viwandani, na watazamaji wa mijini walikuwa na hofu zao. Hata hivyo, skrini ya Kiswahili haikupata mrithi wa mumiani.

Mrithi wake yuko katika maandishi. Katama Mkangi wa Kenya, aliyewekwa kizuizini bila kushtakiwa mwaka 1986, alichapisha mwaka 1995 riwaya inayomrusha Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, ndani ya chombo cha angani. Badala ya kuangamia anatua katika ulimwengu mwingine, wenye jamii iliyopangwa kwa haki. Kama Serling, Mkangi alihitaji sayari ya mbali ili aseme ya karibu; tofauti na kisa cha mumiani, aliweka mlango, na mlango huo ni jina la kitabu. Msomaji anayelitamka polepole, Walenisi, anasikia maneno matatu: wale ni sisi.