Cheti cha Daktari na Kaunta ya Kawangware: Nani Hupanga Dawa?

Makao makuu ya Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya yako Barabara ya Lenana, Kilimani, katika eneobunge la Dagoretti Kaskazini. Kawangware imo katika eneobunge hilohilo. Kwa mujibu wa Bodi, antibiotiki ya amoksisilini huuzwa kwa cheti cha daktari pekee. Kawangware, mnunuzi huingia kwa kemisti, akaeleza kikohozi chake, akataja pesa alizo nazo, na muuzaji akamkatia vidonge vinavyolingana nazo. Mara nyingi dozi haitimii.

Ni rahisi kumlaumu muuzaji. Lakini mpangilio wenyewe una kasoro.

Dawa haiwekwi chini ya cheti kwa sababu ya ukali wake tu. Huangaliwa kama inazoesha, kama inaweza kuficha ugonjwa mkubwa, kama kuitumia ovyo kutaleta usugu wa vimelea, na kama mgonjwa anaweza kujitambulia maradhi yake. Majibu hayo hubadilika. Ibuprofeni ilikuwa dawa ya cheti Uingereza hadi 1983. Parasetamoli, ambayo vioski vya Riruta, jirani na Kawangware, huiuza kidonge kimoja kimoja, ilibanwa Uingereza mwaka wa 1998: duka la kawaida likazuiwa kuuza pakiti ya zaidi ya vidonge 16, kwa kuwa dozi kubwa huua ini.

Nchini Marekani mstari kati ya dawa za cheti na zisizo za cheti ulichorwa wazi na sheria ya 1951, iliyodhaminiwa na Carl Durham na Hubert Humphrey, wote wawili wafamasia. Sheria ya namna hiyo huchukulia kwamba daktari yupo, anafikika na analipika. Sheria ya Kenya ya dawa, Sura ya 244, iliyotungwa 1956 chini ya ukoloni, ilirithi dhana hiyohiyo. Kwa kibarua wa Kawangware, kumwona daktari wa kliniki ya kibinafsi huenda kukagharimu zaidi kuliko dawa yenyewe, na foleni ya kituo cha umma humlia siku ya kazi.

Kenya imewahi kulegeza kamba. Dawa mseto ya malaria, artemetha na lumefantrini, iliruhusiwa kuuzwa bila cheti, na kuanzia 2010 pakiti zenye nembo ya jani la kijani zikafika madukani kwa bei ya ruzuku. Kwa Kisumu au Busia, ambako malaria imeenea, hoja ilikuwa nzito. Nairobi, ambako malaria ni haba, homa nyingi si malaria, na kuimeza dawa hiyo bila kipimo ni kubahatisha.

Tanzania ilikwenda mbali zaidi. Mwaka wa 2003, mkoani Ruvuma, ilianzisha Duka la Dawa Muhimu mahali pa duka la dawa baridi. Wauzaji walipewa mafunzo, maduka yakakaguliwa, kisha yakaruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti, amoksisilini ikiwamo. Matumizi mabaya hayakwisha, ila angalau muuzaji alitambuliwa na sheria na kuwajibishwa nayo.

Bodi ingefaa kujaribu jambo hilo Dagoretti: orodha fupi ya antibiotiki zitolewe na mteknolojia wa dawa aliyesajiliwa, dozi kamili, jina la mgonjwa likiandikwa daftarini. Kodeini na tramadoli, ambazo huzoesha, zibaki chini ya cheti, na ukaguzi uelekezwe kwa dawa hizo kwanza.