Majina ya Samaki wa Ziwa Tanganyika: Nani Aliyegundua Nini?

Katika vitabu vingi vya elimu ya viumbe, neno "kugundua" hutumika kana kwamba kiumbe hakikuwapo duniani mpaka alipotokea mtaalamu akakiona. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Bujumbura tunapata shida kidogo na neno hilo, kwa sababu samaki wanaotajwa vitabuni kuwa "waligunduliwa" mwaka fulani ni wale wale ndagala, mukeke na sangala waliokuwa wakivuliwa, wakianikwa na kuliwa ufuoni mwetu tangu zamani. Basi katika makala haya twataka kueleza kwa ufupi jinsi wanyama wa Ziwa Tanganyika walivyoingizwa katika daftari la sayansi, na kuuliza ni lipi fungu la wale waliowapa majina kwanza.

Yafaa tuanze na maana yenyewe. Utaratibu wa kuainisha wanyama unaofuatwa duniani kote una msingi wake katika kitabu alichokitoa Linnaeus wa Uswidi mwaka 1758. Kila mnyama hupewa jina la maneno mawili: la kwanza ni la jenasi, yaani ukoo wake, na la pili huonyesha spishi, yaani aina yake pekee. Jina jipya halikubaliwi mpaka lichapishwe pamoja na maelezo ya mnyama huyo. Na kielelezo chake huhifadhiwa mahali ambapo wengine waweza kukichunguza. Kugundua, kwa maana hii, ni kuandika, wala si kuona kwa mara ya kwanza.

Maandishi hayo juu ya ziwa letu yalianza mapema. Mwezi wa Februari 1858, Burton na Speke walifika Ujiji. Speke alichukua makombe kutoka ziwani, na mwaka 1859 mtaalamu Woodward wa London akatangaza spishi nne mpya: konokono wawili na kombe wawili. Kombe mmoja aliitwa *burtoni*, na wa pili *spekii*. Hivyo wasafiri hao wawili waliandikwa katika elimu ya viumbe, na majina ya Kijiji na ya Kiha hayakuandikwa.

Baadaye likazuka fumbo kubwa. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliona ziwani konyeza, mnyama ambaye watu wa pwani humjua kuwa ni wa maji ya chumvi. Mwaka 1893 Günther alimweleza chini ya jenasi mpya ya *Limnocnida*. Iweje konyeza aishi katika maji baridi, mbali na bahari? Mwingereza J. E. S. Moore, aliyekuja mwaka 1896 na tena mwaka 1899, alipoona pia konokono wanaofanana na wa baharini, alidai kwamba zamani ziwa liliungana na bahari, na akaandika kitabu kizima juu ya dai hilo mwaka 1903. Dai lake halikusimama. Ziwa hili lilizaliwa katika Bonde la Ufa, nalo linakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Katika muda huo mrefu wanyama wake wamebadilika humo humo ndani mpaka wakapata maumbo ya ajabu. Wanyama wawili waweza kufanana sana bila kuwa ndugu.

Kwa upande wa samaki, wengi waliopelekwa Ulaya wakati huo walipitia mikononi mwa Boulenger, mzaliwa wa Brussels aliyefanya kazi katika jumba la makumbusho la London. Mwaka 1914 alimpa mukeke wetu jina la *Luciolates stappersii*, kwa heshima ya daktari Mbelgiji Louis Stappers, aliyekuwa amekusanya samaki ziwani. Baadaye wataalamu waliona kuwa mukeke ni ndugu wa sangala, wakamhamishia katika jenasi ya *Lates*. Kisha msafara wa Wabelgiji wa mwaka 1946 na 1947 ulikusanya samaki kwa wingi, na Max Poll akawaeleza katika vitabu vya mwaka 1953 na 1956.

Kisa kimoja kinahusu jina la nchi yetu. Mwaka 1952 Trewavas na Poll walimweleza samaki mdogo wa mawe mwenye mkia uliochongoka, wakamwita *elongatus*. Lakini jina hilo lilikuwa limekwisha kutumiwa na Boulenger mwaka 1898 kwa samaki mwingine wa jenasi ile ile, na kwa kanuni aliyetangulia ndiye mwenye haki. Kwa hiyo mwaka 1974 Poll alimpa jina jipya la *brichardi*, kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akiishi Bujumbura na kusafirisha samaki hai ng'ambo. Wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani humwita Binti-Mfalme wa Burundi. Hupendwa kwa tabia yake: watoto wakubwa hubaki nyumbani na kuwasaidia wazazi kulinda wadogo zao. Katika vyumba vya watu wa mbali jina la Burundi latajwa kila siku kwa ajili ya samaki huyu, na wanafunzi wetu wengi hawajapata kusikia habari zake.

Sasa tuutazame uainishaji wa wavuvi. Neno "ndagala" hujumlisha spishi mbili, *Stolothrissa tanganicae* na *Limnothrissa miodon*, kwa kuwa huingia pamoja katika wavu wa usiku na huuzwa pamoja. Kinyume chake, mukeke ni spishi moja yenye majina mawili: akiwa mdogo huitwa nyamunyamu. Tena samaki hao hao hubadili jina kwa kuvuka mpaka: ndagala wa kwetu ni dagaa huko Kigoma na kapenta huko Zambia, na mukeke wetu kwao Kigoma ni migebuka. Mtaalamu hupanga kwa udugu, mvuvi hupanga kwa wavu, umri na bei. Kila mmoja ana sababu zake, lakini asiyezijua hesabu zote mbili hupotea. Mnunuzi wa mjini aweza kulalamika kuwa mukeke amekuwa haba na ghali, huku akinunua nyamunyamu kila juma bila kujua kwamba anamla mukeke kabla hajakua.

Kazi haijakwisha. Mwaka 1993 De Vos alieleza spishi mbili mpya za kambare wadogo wa bonde la Rusizi, na mmoja wao aliitwa *ruziziensis* kwa jina la mto huo. Mwaka 2012 Banyankimbona na Ntakimazi, wataalamu wa Burundi, pamoja na wenzao Vreven na Snoeks, walitoa orodha ya samaki wa mito ya nchi hii. Nao waliohesabu samaki wa jamii ya sato ziwani mwaka 2020 walipata spishi zipatazo 240, na baadhi bado hawana jina rasmi.

Mwaka 2003 nchi nne za ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa kulitunza, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake hapa Bujumbura. Lakini kanuni ya uvuvi haifuatwi ikiwa imeandikwa kwa jina ambalo mvuvi halijui. Hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili anapoingia, kwa sababu lugha hii yasikika katika masoko ya Buyenzi, Uvira, Kalemie na Kigoma. Twapendekeza kila shule iliyo karibu na ziwa iwe na daftari la samaki: jina kama mvuvi alitamkavyo, lugha yake, mahali, ukubwa wa samaki, na mchoro. Wazee wanaoyajua majina hayo hawatakuwa nasi siku zote. Daftari hilo laweza kuanzwa muhula huu, kwa kalamu na karatasi tu.