Randa za Mafundi wa Kale

Kabla ya mashine, milango na madirisha ya mninga na mvule vilipigwa randa kwa mkono. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakafundisha useremala. Baadaye wakajenga misheni Morogoro, chini ya Uluguru.

Randa ya nakshi ilikata umbo moja tu, kwa hiyo fundi alikuwa na nyingi. Tako lake la mti lilichongwa kinyume cha nakshi itakiwayo, chuma kikanolewa kulifuata, kabari ikakibana. Basi mtu akiuza chuma na kutia mti jikoni, umbo limepotea. Nakshi ya mlango wa kale ikivunjika, fundi atafuata nini? Twaomba vyama vya milimani vizinunue zingali nzima.